Vigae vya Jiko la Nje Kando ya Ziwa George

Kigae cha jiko la nje kina maadui wanne: maji yanayokiingia, joto linalokitanua na kukisinyaza, chumvi na asidi za mapishi, na sakafu inayocheza chini yake. Hata hivyo, kigae chenyewe huwa cha mwisho kushindwa. Kinachotangulia kuharibika ni ungio, ule mstari mwembamba wa grauti kati ya kigae kimoja na kingine. Ungio ukishapasuka, maji hupita chini, kigae huachia, kisha siku moja sufuria linatuliwa juu yake na kinavunjika vipande vitatu. Anayelaumiwa ni sufuria. Wanunuzi wengi humaliza saa nzima dukani wakilinganisha maua na mng'ao wa vigae, halafu grauti huichukua wakiwa wameshafika mlangoni, yoyote ile iliyopo. Nyumbani hupendeza kwa miezi sita.

Kahendero ni kijiji cha wavuvi upande wa magharibi wa Ziwa George, wilayani Kasese, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth iliyotangazwa mwaka 1952. Ziwa liko mita 914 hivi juu ya usawa wa bahari, na mstari wa Ikweta unapita hapo jirani. Katika vijiji vya namna hii jiko la nje si anasa ya matajiri. Moshi hautakiwi ndani ya nyumba ya kulala, ngege na kambare hupasuliwa mahali penye upepo, na kusonga ugali wa obundu kwa ajili ya watu kumi kunahitaji nafasi ya kusimama vizuri. Kilicho kipya ni vigae. Meza ya kupasulia samaki iliyokuwa ya mbao, ambayo haishi kunuka hata ikisuguliwa namna gani, sasa hujengwa kwa zege na kuvikwa vigae, na sakafu ya kibanda cha chakula hufuata. Vigae hivyo vimetoka mbali: China, au kiwanda cha Goodwill kilichoko Kapeeka, wilaya ya Nakaseke, na huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kasese na Bwera. Mafundi wengi huviita taili. Tanzania huitwa pia marumaru.

Vitabu vya ufundi vinavyotoka Ulaya na Marekani huanza na barafu. Maji yaliyoingia kwenye kigae yakiganda hutanuka, na kigae hupasuka kutoka ndani. Kahendero hofu hiyo haipo. Theluji inaonekana siku za anga safi, juu kwenye Ruwenzori ambako kilele cha Margherita kinafikia mita 5,109, lakini haishuki ziwani. Hata hivyo, alama ya chembe ya theluji iliyochapwa kwenye baadhi ya masanduku ya vigae ina faida hata kwa mpishi wa Kahendero: kigae kinachostahimili barafu kwa kawaida ni kile kisichokunywa maji, na kutokunywa maji ndiyo sifa ya kwanza inayotakiwa hapa pia.

Viwango vya kimataifa, hasa kile kiitwacho ISO 13006, hupanga vigae kwa kiasi cha maji ambacho mwili wake unaweza kunywa, kikilinganishwa na uzito wa kigae kikiwa kikavu. Kundi la BIa halizidi asilimia 0.5, hivi ndivyo vigae vya kaure halisi. BIb hufika asilimia 3. BIIa hufika 6, na BIIb hufika 10. Kundi la BIII huzidi asilimia 10, nalo ni la vigae vya ukutani, vyepesi, rahisi kukata na mara nyingi vya bei ya chini kabisa dukani. Herufi hizo huandikwa kwa maandishi madogo ubavuni mwa sanduku. Kwa jiko la nje lisilofunikwa vizuri, BIa ndilo chaguo salama, na BIb linaweza kuvumiliwa chini ya paa. Vigae vya BIII vibaki bafuni, ukutani. Kuvilaza kwenye meza ya samaki kwa sababu rangi yake imependeza ni kununua kazi ya kuving'oa.

Sanduku likiwa limepotea au maandishi yamefutika, kigae hugeuzwa na kudondoshewa maji mgongoni, upande usio na rangi. Tone likitoweka kama limeangukia tofali la kuchoma, kigae kinakunywa. Likikaa juu kama tone juu ya jani la myugwa, kigae ni kigumu. Anayetaka hesabu kamili apime kigae kikavu kwenye mizani ya kielektroniki ya dukani (ile ya kuning'iniza samaki haitambui gramu chache), akichemshe saa mbili, akiache ndani ya maji hayo hayo yapoe kwa saa nne, akifute kwa kitambaa kibichi na kukipima tena. Kigae cha gramu 2,000 kikirudi na gramu 2,060 kimekunywa asilimia 3. Kikirudi na 2,240 kimekunywa asilimia 12, na hakifai nje.

Uimara wa kaure si habari mpya Afrika Mashariki. Waswahili wa pwani walipachika mabakuli ya kaure ya China kwenye nguzo za makaburi kwa chokaa ya matumbawe, na makaburi ya namna hiyo yapo Mambrui nchini Kenya na Kunduchi karibu na Dar es Salaam. Upepo wa bahari, chumvi na mvua za karne kadhaa havikuishinda kaure ile. Mabakuli mengi yaliyokosekana leo yaling'olewa na mikono ya watu.

Vigae vya udongo wa kuchoma visivyo na ngozi ya kioo ni jambo jingine. Uganda Clays, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1950 huko Kajjansi, imeufahamisha umma wa Uganda na bidhaa za udongo: vigae vya paa, matofali yenye mashimo, vipitisha hewa. Kwa paa la jiko na kwa matundu ya kutolea moshi ni vifaa vizuri sana. Lakini udongo wa namna hiyo hunywa maji, na ukinywa maji hunywa pia mafuta ya samaki. Meza iliyovikwa udongo mtupu itanuka kama ile ya mbao iliyobomolewa.

Baada ya maji linafuata joto, na hapa hesabu kidogo inafungua macho. Zege hutanuka kwa takriban milimita 0.01 kwa kila mita, joto likipanda nyuzi 1 ya Selsiasi. Kaure hutanuka pungufu, karibu milimita 0.0065. Meza ya mita 3 iliyovikwa vigae vyeusi inaweza kuwa na nyuzi 20 alfajiri na 60 saa nane mchana, maana hapa Ikweta jua la Machi na Septemba hupita wima kichwani. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 40, zege linatanuka milimita 1.2 na vigae milimita 0.8. Milimita 0.4 zilizobaki hubebwa kila siku na gundi na grauti. Mvua ya alasiri huzidisha: kigae hupoa ghafla na kutaka kusinyaa, na zege lililo chini bado lina moto wa mchana. Ndiyo maana rangi ya kati, kijivu au kahawia ya mchanga, hufaa kuliko nyeusi. Nyeupe haipati joto sana, ila majivu na masizi huonekana juu yake mapema kuliko chakula.

Ukubwa wa kigae nao una neno. Vigae vya sentimita 60 kwa 60 ndivyo vinavyopendwa siku hizi, lakini kwa jiko la nje vya 30 kwa 30 vina faida nyingi. Vinafuata mteremko wa sakafu bila kukatwa ovyo, vinagawa mtanuko kwenye maungio mengi zaidi, na kimoja kikivunjika hubadilishwa bila kubomoa nusu ya meza. Kwa sakafu, ngozi inayong'aa ni hatari: magamba na ute wa samaki juu ya kigae cheupe kinachometa ni sawa na sabuni. Katika vipimo vya Ujerumani vya utelezi, vinavyoanzia R9 hadi R13, sakafu ya nje inayolowa maji na mafuta huhitaji R11. Uso wa namna hiyo unakwaruza kiganja kidogo. Kwa meza, kinyume chake, uso laini usiong'aa sana ni bora, kwa kuwa mikwaruzo ya uso wa R11 huhifadhi damu na mafuta, na kuyatoa ni kazi ya brashi ngumu kila jioni.

Mchanga pia huharibu. Chembe za kwazi zilizomo mchangani ni ngumu kuliko ngozi ya kioo ya vigae vingi, kwa hiyo kila anayeingia jikoni na ndara zenye mchanga wa ufukoni anasugua sakafu kwa msasa. Vigae vyenye ngozi ya kioo hupewa daraja la PEI kutoka 0 hadi 5 kwa uvumilivu wa kukanyagwa. Kwa sakafu ya jiko la nje ni 4 au 5. Vile vya kaure ambavyo rangi yake imepenya mwili mzima havina hofu hiyo, kwani vikichubuka hubaki rangi ile ile. Viboko hutoka ziwani usiku kutafuta majani, na dume hufika kilo 1,500 na zaidi. Hakuna daraja la kigae lililopimwa kwa mgeni huyo, hivyo uzio ni bora kuliko PEI 5.

Mahali pa moto penyewe pasiwe na vigae. Makaa yanayowaka kwenye sigiri hupita nyuzi 600, gundi za kawaida za vigae hulegea kabla hata ya kukaribia nusu ya hapo, na saruji yenyewe huanza kupoteza nguvu ikipita nyuzi 300. Kigae kilicho chini ya sigiri ya miguu mifupi hupata moto upande mmoja tu, kisha mtu akimwagia maji ya kuzimia makaa, kinalia mlio mkali na kupasuka. Sehemu ya moto ijengwe kwa matofali ya kuchoma, kwa mchanganyiko wa udongo au chokaa usio na saruji nyingi, na vigae vianze angalau kiganja kimoja na nusu kutoka ukingoni mwake. Ungio kati ya matofali na vigae usijazwe grauti ngumu. Pande hizo mbili hazitanuki kwa mwendo mmoja.

Kilicho chini ya vigae ndicho kinachoamua umri wake. Udongo wa kando ya ziwa hulegea ukilowa, kwa hiyo msingi huanza na mawe yaliyopangwa na kushindiliwa, juu yake zege la unene wa sentimita 10 lenye wavu wa chuma, ule ambao mafundi huuita BRC. Zege liachwe siku 28 kabla ya kuvikwa, kwa sababu husinyaa linapokauka na husinyaa zaidi katika wiki za mwanzo. Fundi anayemwaga zege Jumatatu na kubandika vigae Ijumaa anaharakisha malipo yake. Mteremko hutengenezwa kwenye zege, usingojee gundi: sentimita 1.5 kwa kila mita zatosha kuondoa maji ya kuoshea samaki, na pimamaji ya mita moja yenye kijiti cha sentimita 1.5 chini ya ncha moja ndiyo inayothibitisha.

Saruji haitoki mbali. Kiwanda cha Hima kiko wilaya hiyo hiyo ya Kasese, na magharibi ya Uganda ina majivu ya volkano ya zamani yatumikayo kama pozolana katika saruji. Saruji yenye pozolana hufunga chokaa huru iliyobaki ndani ya zege. Chokaa hiyo ikiachwa hubebwa na maji hadi juu na kuacha ule unga mweupe unaochafua grauti. Saruji hiyo pia hustahimili salfeti vizuri zaidi. Hupata nguvu polepole, hivyo inadai kumwagiliwa maji na kufunikwa kwa majani au nailoni kwa wiki moja kamili, jambo ambalo mafundi wengi hulifupisha kuwa siku mbili.

Mchanga unataka tahadhari ya pekee. Mgodi wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, na mabaki yake yenye madini ya pairaiti yalirundikwa Kasese kwa miongo kadhaa, hadi kampuni ya kobalti ilipoanza kuyasafisha mwaka 1999 kwa msaada wa bakteria. Mto Nyamwamba, unaopita Kilembe na Kasese kabla ya kumwaga maji yake upande wa Ziwa George, ulifurika vibaya mwezi Mei 2013 na tena Mei 2020, ukisomba mawe, mchanga na mabaki ya mgodi. Pairaiti ikikutana na hewa na maji huzaa asidi ya salfa na salfeti. Salfeti ndani ya zege hutengeneza fuwele zinazovimba na kulipasua, na chuma cha pairaiti huacha madoa ya kutu kwenye maungio. Mchanga wenye ganda la manjano au wekundu wa kutu usiingie kwenye jiko la vigae, hata ukitolewa bure. Mchanga mwingine hupimwa kwa chupa: utiwe nusu, ujazwe maji, utikiswe, uachwe hadi kesho. Tabaka la matope juu ya mchanga likizidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya kimo cha mchanga, uoshwe kwanza.

Maji ya ziwa nayo yaonekane yalivyo. Ziwa George ni la kina kifupi, wastani wa mita 2.4, na lina mwani mwingi mwaka mzima. Watafiti waliokaa hapo miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 walilifanya kuwa mfano maarufu wa ziwa la kitropiki lenye rutuba kupita kiasi. Kijani hicho kinafuga samaki vizuri, lakini kwenye ndoo ya grauti mabaki ya mwani huchelewesha saruji kukaza na kuibadilisha rangi. Maji ya kuchanganyia yawe ya bomba au ya mvua, yale ambayo mtu angeyanywa.

Kubandika kwenyewe hakuhitaji maneno mengi. Kaure hainywi maji, kwa hiyo saruji na mchanga vitupu havishiki mgongo wake. Inahitaji gundi ya vigae yenye polima, ambayo mfuko wake huandikwa C2, na kwa nje ikiwa na S1 ni bora zaidi, maana hiyo huweza kujikunja kidogo bila kuachia. Desturi ya kuweka madonge matano ya mchanganyiko, manne pembeni na moja katikati, huacha mapango chini ya kigae. Maji hukaa humo, na kisigino cha kinu au nyundo ya nyama huvunja pembe. Gundi itandazwe kwa mwiko wa meno, mgongo wa kigae nao upakwe, na kigae cha kwanza king'olewe kikiwa kibichi ili kuona kama gundi imeshika karibu sehemu yote, asilimia 95. Kikigongwa baada ya kukauka na kutoa sauti ya ngoma, kuna pango.

Grauti ya zamani ya mafundi wa mitaani ni saruji nyeupe na maji, inayopakwa kwa kitambaa na kufutwa. Ni rahisi, ni nyeupe siku ya kwanza, na kwa jiko la nje ni uchumi mbovu kuliko wote. Saruji isiyo na mchanga husinyaa ikikauka na kuacha nyufa nyembamba kama nywele. Masizi na mafuta hujaza nyufa hizo, na baada ya hapo hakuna sabuni inayoyatoa. Ungio wa milimita 3 au zaidi unahitaji grauti yenye mchanga laini ndani yake, na nje maungio yasipungue milimita 3. Kwa vigae vya sentimita 30, milimita 5 ni kipimo kizuri. Kubandika vigae vikigusana ili "visionekane mstari" ni mtindo wa sebuleni ambao jua la Ikweta huuadhibu kwa kuvinyanyua katikati kama hema.

Grauti za saruji za viwandani hugawanywa kuwa CG1, ya kawaida, na CG2, iliyoboreshwa. Herufi W humaanisha inakunywa maji kidogo, A inavumilia kusuguliwa. CG2 WA yenye polima ndiyo ya kununua kwa sakafu ya jiko la nje na kwa meza za mapishi ya kawaida. Kiasi chake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: kwa vigae vya 30 kwa 30 vyenye unene wa milimita 9 na maungio ya milimita 5, ni karibu nusu kilo kwa mita ya mraba. Jiko la mita 6 za mraba linamalizwa na kilo 3 hadi 4. Tofauti ya bei kati ya grauti duni na nzuri kwa kilo 4 ni ndogo kuliko gharama ya kigae kimoja kilichopasuka na siku ya fundi ya kukibadilisha.

Aina ya tatu ni RG, grauti ya epoksi, ambayo haina saruji kabisa. Hutengenezwa kwa kuchanganya utomvu na kigandishi chake, na ikishakaza haipitishi maji wala hailiwi na ndimu, siki au nyanya. Asidi hizo, hata zikiwa dhaifu, huyeyusha saruji polepole, na mahali pa kukamulia ndimu hujulikana kwa maungio yaliyobonyea. Epoksi ina bei kubwa na ina ukali. Huganda haraka kwenye joto, kwa hiyo hupakwa asubuhi na mapema, sehemu ndogo ndogo, na mchanganyiko hupimwa kama ulivyofungwa kiwandani, usigawanywe kwa macho. Mabaki yake yasipofutwa mara moja hubaki kwenye kigae milele. Na ikianikwa juani hugeuka manjano na uso wake kuwa unga. Mahali pake, basi, ni chini ya paa.

Kuna meza moja ambayo epoksi inastahili gharama yake bila mjadala: ile ya kutia samaki chumvi. Samaki wa chumvi kutoka maziwa haya huvuka mpaka wa Mpondwe, jirani na Bwera, kwenda Kongo, ambako watu huwaita makayabu. Chumvi inayotumika kwa kawaida ni ya Ziwa Katwe. Chumvi ya Katwe ina zaidi ya ile ya mezani; imebeba pia salfeti na kaboneti za sodiamu. Maji ya chumvi hupenya kwenye grauti ya saruji usiku, jua huyakausha asubuhi, na fuwele hukua ndani ya vitundu na kusukuma kuta zake. Salfeti ya sodiamu ndiyo mkorofi kuliko wote kwa kazi hiyo: hupanda na kushuka kati ya hali ya unga na fuwele zenye maji, ikivimba kila mara. Grauti ya saruji kwenye meza ya namna hiyo hubomoka na kuwa unga mwaka wa kwanza, hata iwe CG2. Kaure ya BIa na epoksi ya RG chini ya paa la bati zitakaa.

Grauti ya saruji ichanganywe na maji kidogo, iwe nzito kama uji wa kulishia mtu mzima, isiwe ya kumiminika. Maji mengi hurahisisha kupaka na kuacha grauti dhaifu yenye madoa. Isukumwe kwa mshazari hadi ijae ungio wote, ifutwe kwa sifongo iliyokamuliwa sana, kisha ifunikwe isipigwe na jua, na ilowanishwe kidogo kwa siku tatu. Wiki chache baadaye inaweza kupakwa dawa ya kuziba vitundu, inayorudiwa kila mwaka au miwili. Kaure haihitaji dawa hiyo. Anayemuuzia mtu dawa ya kupaka kaure nzima anamuuzia maji ya gharama.

Lililobaki ni maungio yasiyojazwa grauti hata kidogo. Pembe ambapo meza inakutana na ukuta, mzunguko wa nguzo, na kila baada ya mita 3 hivi katika sakafu ndefu, ungio huachwa wazi hadi kwenye zege na kujazwa silikoni ya nje, inayonyumbuka. Hapo ndipo milimita za mtanuko huenda kupumzika. Na nchi hii hutikisika: Kasese iko ndani ya Bonde la Ufa, na tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua zaidi ya watu 100 kwenye mpaka wa Uganda na Kongo. Silikoni haizuii tetemeko, lakini mtikisiko mdogo, wa aina inayotikisa vikombe tu, humezwa na maungio hayo badala ya kuandikwa kwenye vigae.

Usafi wa kila siku ni maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Asidi ya kusafishia vyoo, ambayo wengine huimwaga jikoni ili vigae ving'ae, hula grauti ya saruji mbele ya macho; ule mchemko wa povu unaowafurahisha ni saruji inayoyeyuka. Unga mweupe wa chumvi uondolewe kwanza kwa brashi kavu, maana ukimwagiwa maji unarudi ndani. Kila msimu wa mvua ukiisha, mtu apite na kijiti akigonga vigae na kuchokonoa maungio. Palipolegea pakwanguliwe hadi theluthi mbili za kina cha kigae na kujazwa upya, kazi ya nusu saa.

Vigae vya mwaka huu havitapatikana mwaka kesho. Kiwanda kikibadilisha tanuru au udongo, rangi na ukubwa hubadilika kidogo, ndiyo maana masanduku hupigwa namba ya toni na ya kipimo. Anayejenga jiko la mita 6 za mraba anunue za mita 6.6 kwa ajili ya kukata, akague namba ziwe moja kwenye masanduku yote kabla ya kuyapakia kwenye gari, na sanduku moja la ziada alihifadhi chini ya kitanda, pamoja na mfuko mtupu wa grauti wenye jina la rangi.